Akikosa Nafasi ya Udaktari Mara ya Kwanza: Kikundi Kifanye Nini?

Kila mwaka jambo hili hutokea. Mtoto wa mwanachama amefaulu Kidato cha Nne, kijiji kizima kinamwita daktari, kikundi kimeshaanza kuchanga. Kisha majibu yanakuja: hakupata nafasi ya udaktari. Mzazi ananyamaza, mtoto anajifungia nyumbani, na pesa za kikundi hazijui ziende wapi.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini kabla ya kufua tena, lazima tujue koleo lilivunjikia wapi.

1. Tafuteni sababu kwanza

Kaeni na mtoto, mkiwa na cheti chake mkononi. KUCCPS, ile ofisi inayogawa nafasi za vyuo, haitazami gredi ya jumla peke yake. Kwa udaktari hutazama hasa Biolojia na Kemia, pamoja na Hisabati au Fizikia, na lugha. Pointi za masomo hayo huhesabiwa juu ya 48, na katika vyuo vikuu vikubwa anayechukuliwa udaktari huwa amepita 40.

Tangu KCSE ya 2023, gredi ya jumla hutoka kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Kwa hivyo mtoto anaweza kuwa na B+ ya kupendeza, na bado Kemia ikamwangusha. Wengine alama wanazo, ila waliandika chaguo moja tu la juu sana, au walijaziwa fomu vibaya kule saiba.

2. Kama tatizo ni uchaguzi

Mtoto asirudie mtihani bure. KUCCPS hufungua nafasi ya kuchagua upya kwa wale waliokosa. Ajaze mwenyewe, mtu mzima akiwa kando yake, na apange machaguo kwa ngazi: moja la juu, la pili la kadiri, la tatu analoweza kulipata kwa hakika. Atoe nakala na kuihifadhi.

3. Kama tatizo ni alama

Anaweza kurudia KCSE. Asajili masomo yasiyopungua 7, la sivyo hatapewa gredi ya jumla. Usajili huwa miezi ya kwanza ya mwaka, basi msingoje. Na muda unakwisha: darasa la mwisho la 8-4-4 lilifanya KCPE mwaka 2023, na zamu yake ya KCSE ni 2027.

Lakini kurudia bila kubadilisha kitu ni kupoteza mwaka. Jiulizeni: shule ya kwanza ilikuwa na maabara? Mwalimu wa Kemia alikuwepo? Nyumbani anapata saa za kusoma, au ni kuteka maji na kulea wadogo mpaka usiku? Kama hakuna kitakachobadilika, alama nazo hazitabadilika.

4. Mlango wa pili si aibu

Udaktari wa chuo kikuu huchukua miaka 6, kisha mwaka wa mazoezi hospitalini. Diploma ya tabibu, yule tunayemkuta kwenye kituo cha afya, ni miaka 3 na mwaka wa mazoezi. Kuna uuguzi, maabara na famasia pia. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, kimefundisha watu hawa tangu 1927, na wanafunzi wake wanaweza kuomba mkopo wa HELB. Baadhi ya vyuo vikuu hupokea wenye diploma nzuri wakaendelea na digrii. Njia ni ndefu, lakini njiani mtu tayari anatibu watu na anapata mshahara.

Akiwa anangoja, anaweza kusaidiana na wahamasishaji wa afya wa kijiji. Hilo halimwongezei hata pointi moja, tusidanganyane. Litamwonyesha tu kama kazi ya wagonjwa anaiweza kweli.

5. Lindeni pesa za kikundi

Hapa ndipo wengi huliwa. Akija mtu kusema ati anajua mkubwa fulani, na nafasi itapatikana kwa "chai" kidogo, mfukuzeni. Chuo cha kibinafsi nacho, kabla hamjalipa hata shilingi, ulizeni baraza la kazi hiyo kama kinatambuliwa: Baraza la Wauguzi, la Matabibu, au la Madaktari. Mtoto akisomea pasipotambuliwa hapati leseni, hata akiwa na cheti. Karo ilipwe kwa akaunti ya chuo, na risiti ikae na mweka hazina.

Maswali ya kujadiliana kikundini

– Ni nani kati yetu ana mtoto aliyekosa nafasi na ananyamaza kwa aibu?
– Je, udaktari ni hamu ya mtoto, au ni yetu?
– Katika hazina yetu, tunaweza kutenga kiasi gani cha kurudia mtihani, na ni nani atakayefuatilia?

Mtakapojibu swali la kwanza, mwendeeni mzazi huyo wiki hii hii.