Tableti ya mama wa Ronge haiiti, na mama hana kosa



Kila likizo ikikaribia huulizwa swali lile lile: "Ninunue tableti gani nimpelekee mama, tuwe tunaonana?" Anayeuliza yuko Mombasa, Riyadh au Muscat. Mama yuko Ronge. Nami humrudishia swali: itakuwa ikiita kwa nambari gani? Hapo wengi hunyamaza.

(Wenye Kiswahili chao sanifu huiita kishikwambi. Nendeni nalo neno hilo dukani Voi muone kama hamtaulizwa mara mbili. Mimi nitasema tableti.)

Simu huja na laini ndani, kwa hivyo kuita si shida. Tableti nyingi hazina hata mahali pa kutia laini. Na WhatsApp, ambayo ilileta simu za video Novemba 2016 na ndiyo wengi wetu tunayotumia, humjua mtu kwa nambari yake. Ukitaka tableti ya Android iite, una njia mbili, na watu hupenda ile mbaya.

Njia nzuri ni kuisajili tableti kwa nambari ya mama mwenyewe. Laini inabaki kwenye kabambe yake. Ule ujumbe wa tarakimu sita unaingia kwenye kabambe, wewe unaziandika kwenye tableti, kazi imekwisha. Tangu siku hiyo anayempigia mama kwa video, tableti ndiyo inayoita. Mtilie mama salio mara kwa mara ili laini isife, maana laini iliyolala muda mrefu kampuni huichukua na kumpa mtu mwingine.

Njia ya pili ni kuiunganisha tableti na simu ya mtu mwingine kwa kupiga picha ile alama ya mraba. Inachukua dakika moja, ndiyo maana vijana waliokuja kusalimia huipenda. Lakini simu ile kubwa isipotumiwa kwa siku 14, tableti inatolewa. Halafu simu zinazoita pale ni za mwenye nambari, si za mama. Wenye iPad wao walisubiri hadi Mei 2025 ndipo WhatsApp ikaingia kwenye kifaa chao, nayo iliingia kwa njia hii ya kuunganisha.

Nilipanda Ronge Juu kwa mama mmoja ambaye binti yake anafanya kazi za nyumbani Saudia. Tableti ilikuwa mpya, imefunikwa kitambaa, na ilikuwa haijaita wiki tatu. Binti kule alidhani mama amekasirika. Mama huku alidhani binti amepatwa na jambo, na kwa habari tunazozisikia za wasichana wetu Ughaibuni, huwezi kumlaumu kwa kukosa usingizi. Kumbe mjukuu aliiunganisha na simu yake, akarudi chuoni, akabadilisha simu. Basi. Niliisajili upya kwa nambari ya mama, ile ya kabambe, na jioni ile ile waliongea.

Baada ya nambari, tazama mtandao. Ronge Juu ni mlimani na Ronge Nyika ni chini, na milima ya Taita hukata mawimbi: nyumba hii ina mtandao mzuri, ya nyuma ya kilima haina kitu. Paa na kuta za mabati nazo huzuia. Tembea na tableti uwanjani na barazani hadi uone picha haigandi, na hapo ndipo pawekwe kiti cha mama. Uso uelekee mwanga. Akiupa dirisha mgongo ataonekana kivuli tu. Na kama tableti inategemea intaneti ya simu ya mjukuu, ujue mjukuu akienda shule mama amekatika. Bora ulipe zaidi kidogo upate tableti yenye nafasi ya laini ya bando.

Ndani ya mipangilio, zima ile hali ya kuokoa betri kwa WhatsApp, maana ndiyo huilaza programu na simu ikapita kimya. Washa ile ya kutumia data kidogo wakati wa simu. Kisha usiondoke kabla mama hajapokea kwa mkono wake mwenyewe, mara tatu au nne, wewe ukiwa nje unampigia. Wazee wengi hugusa kile kitufe cha kijani wakati kioo kimefungwa kinataka kutelezeshwa kwenda juu, na vidole vilivyokauka kwa jembe kioo hakivisikii vizuri. Aivute polepole.

Sasa hodi. Simu ya video ni kuingia nyumbani kwa mtu. Sisi Waislamu tuna aya ya 27 ya Surat an-Nur kuhusu kuomba ruhusa kabla ya kuingia, na aya ya 58 inataja nyakati tatu za faragha: kabla ya alfajiri, mchana watu wanapovua nguo wapumzike, na baada ya isha. Mama wa Kidawida si lazima awe Mwislamu ndipo astahiki heshima hiyo. Binti aiflashi kabambe kwanza, mama ajifunge leso, aketi barazani, ndipo video ije. Saudia saa ni moja na yetu. Oman na Imarati wako mbele kwa saa moja. Na binti naye awe na tahadhari: nyumba ya tajiri isionekane nyuma yake, inaweza kumletea mashaka.

Kwa walio Imarati na Oman kuna jambo jingine. Huko simu za kawaida za WhatsApp zimefungwa: ujumbe unapita, simu haipiti. Mama huona inajaribu, inakatika, akadhani ameiharibu tableti. Imarati wanatumia programu zilizoruhusiwa kama BOTIM, nayo itabidi iwekwe pia upande wa mama. Saudia iliondoa marufuku ya jumla Septemba 2017. Waliozoea Skype wasahau, ilifungwa tarehe 5 Mei 2025.

La mwisho ni wezi. Zile tarakimu sita haziulizwi na mtu yeyote wa haki, hata akijiita mhudumu wa kampuni. Weka na ile nambari ya siri ya pili ya WhatsApp. Tangu 2023 mtu aweza kuonyesha kioo chake akiwa kwenye simu ya video, na matapeli huomba hilo ili wasome ujumbe wako. Hii ni sababu nyingine ya kuiacha laini ya mama kwenye kabambe: M-Pesa yake inabaki huko, tableti haina cha kuonyesha.

Nambari ya kabambe hiyo iandikwe kwa kalamu nzito nyuma ya kifuniko cha tableti. Stima ikipotea au bando likiisha, jirani ataiona na kujua pa kumwambia binti apige.