Kufufua Gari Kuukuu la Mbio katika Ploti ya Kawangware

Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na kwa kuwa mwanzoni yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliwapa watu wa Afrika Mashariki kipimo chao wenyewe cha gari la mbio. Sifa haikuliendea gari lenye kasi kuliko yote kwenye lami. Ililiendea lile lililostahimili vumbi, mawe na matope ya masika kwa maelfu ya kilomita, na ambalo fundi aliweza kulitengeneza kando ya njia kwa spana chache. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyefanya kazi katika gereji ya babake jijini Nairobi, alishinda pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 1600SSS mwaka 1970 na kwa Datsun 240Z mwaka 1971, Hannu Mikkola wa Finland akashinda kwa Ford Escort mwaka 1972, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akaipa 240Z ushindi wa pili.

Magari ya aina hizo yangali yakionekana Nairobi, machache yakitembea na mengine yakiwa yamelala nyuma ya nyumba huku magugu yakimea kwenye magurudumu, nayo hayawezi kuongezeka kwa urahisi, kwa sababu kanuni za Kenya haziruhusu kwa kawaida kuingiza nchini gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Kila Escort au Datsun ya zamani inayokatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu basi huwa imepotea moja kwa moja. Hiyo ndiyo sababu ya msingi ya kulitazama kwa makini suala la kuyafufua, yaani kuyarudisha katika hali ambayo watengenezaji wake waliyatoa nayo, tena na watu wasio na karakana kubwa wala fedha za kununulia kila kitu kutoka ng'ambo.

Kawangware, mtaa ulioko magharibi mwa Nairobi kati ya Lavington na Dagoretti, hauna nyumba zenye gereji. Wakazi wengi hupanga vyumba katika ploti, yaani kiwanja kimoja chenye safu za vyumba vinavyotumia ua, bomba na kamba za kuanikia nguo kwa pamoja, kwa hiyo anayelaza gari uani huwa ameazima nafasi ya majirani wote na hana budi kuelewana nao pamoja na mwenye ploti kabla ya kufungua nati ya kwanza. Upungufu huo wa nafasi hufidiwa na wingi wa mafundi. Ukifuata Barabara ya Naivasha kuelekea Dagoretti Corner utawakuta wachomeleaji wa mageti, mafundi wa bodi, wa viti, wa rejeta na wa waya, wote wakiwa sehemu ya jua kali, jina wanaloitwa mafundi na wafanyabiashara wadogo ambao tangu zamani walifanya kazi nje bila paa. Ufufuaji wa gari nyumbani katika mtaa huu kwa hiyo ni kazi inayotawanywa: bodi hubaki uani chini ya turubai, nayo injini, viti, rejeta na kabureta hutoka kimoja kimoja kwenda kwa wenye ujuzi navyo na kurudi.

Mpangilio huu una nguvu ambayo wamiliki wengi wa magari ya kifahari hawaitambui. Fundi wa kisasa anayehudumia magari mapya amezoea kutoa kifaa kilichoharibika na kufunga kipya, ilhali fundi wa jua kali amelelewa katika hali ambayo kifaa kipya mara nyingi hakipatikani au hakinunuliki, naye amejifunza kukunja, kukereza, kuyeyusha na kuunganisha mpaka kifaa kipatikane. Gari lililoacha kutengenezwa miaka hamsini iliyopita linahitaji mikono ya namna hiyo hasa. Udhaifu wa mpangilio huu unatokana na malipo: mteja wa kawaida hutaka gari lake jioni hiyo hiyo ili arudi kazini kesho, na fundi amezoea kufanya kazi kwa kasi inayolingana na haraka hiyo. Jambo kubwa ambalo mfufuaji hununua, kuliko spea na kuliko rangi, ni muda wa fundi mzuri, na asipoulipia atapata gari linalong'aa kwa msimu mmoja tu.

Kabla ya kulipa chochote, namba ya chesisi na ya injini zilinganishwe na zilizoandikwa katika kitabu cha gari, ambacho Wakenya hukiita logibuku, kwani magari ya zamani yamebadilishwa injini mara nyingi bila mabadiliko hayo kusajiliwa, na si haki mtu kutumia miaka miwili juu ya gari asiloweza kulimiliki kisheria. Baada ya hapo chuma ndicho kinachopaswa kuamua. Injini iliyokufa hufufuka kwa gharama inayoweza kukadiriwa, ila kutu iliyojificha hukadirika tu pale bodi inapofunguliwa. Datsun 240Z, kama magari mengi madogo ya wakati wake, haina fremu ya pekee chini ya bodi. Sakafu, kingo za chini ya milango na kuta zake ndizo zinazobeba uzito wote, kwa hiyo kutu katika sehemu hizo hudhoofisha uti wa gari zima. Mahali pa kutazama panajulikana: chini ya miguu ya dereva, kibao cha betri ambako tindikali humwagika, kingo za chini ya milango, na ukingo wa mlango wa nyuma ambako maji ya mvua hutuama.

Kutu hutokea pale chuma, maji na hewa vinapokutana, na udongo mwekundu wa barabara za murramu huharakisha mambo kwa sababu hujisokomeza ndani ya mikunjo ya bati na kushika unyevu wiki nyingi baada ya mvua kukatika. Fundi mwaminifu huikata kutu mpaka afikie bati zima, hata kama tundu litakuwa kubwa mara tatu kuliko lilivyoonekana. Wakati wa kukata, milango hufungwa au mihimili ya muda huchomelewa katika nafasi za milango ili bodi isilegee, na upande mmoja humalizwa kabla ya mwingine kuguswa. Pasipo hadhari hiyo gari hujipinda kidogo kidogo, na baada ya rangi ndipo hugundulika kwamba mlango haufungi tena.

Kuchomelea, yaani kuunganisha chuma kwa moto wa umeme au wa gesi, ndiko kunakotenganisha fundi wa mageti na fundi wa bodi. Mashine nyingi za jua kali za kuchomea kwa fimbo, nyingine zikiwa zimesukwa kwa waya wa shaba na mafundi wenyewe, ni bora kabisa kwa chuma kinene cha geti, lakini bati la gari ni jembamba, unene wake ukikaribia milimita moja tu, na moto huo hulitoboa au kulikunja. Mashine inayofaa ni ile inayosukuma waya mwembamba huku ikipuliza gesi ya kukinga hewa, nayo hutumiwa kwa nukta: fundi hugonga nukta moja, huhamia mbali nayo akagonga nyingine, hungoja bati lipoe mpaka liguswe kwa kidole, kisha hurudi kujaza mapengo, na mstari wa urefu wa mkono mmoja unaweza kumchukua mchana mzima. Anayemwona akingoja bila kufanya kitu hudhani anapoteza wakati, na hapo ndipo wenye gari wengi hukosea kumhimiza.

Sehemu iliyobonyea hurudishwa kwa nyundo bapa upande mmoja na fuawe ndogo ya mkononi upande wa pili, bati likigongwa kidogo kidogo kuanzia ukingo wa shimo kuelekea katikati, na fundi akipitisha kiganja juu yake kwa sababu mkono huhisi wimbi ambalo jicho halioni. Kinachobaki baada ya hapo, kwa unene wa ukucha, ndicho kinachostahili kujazwa kwa filla, ule uji mzito unaoganda na kusuguliwa kwa msasa. Kujaza mashimo ya kina kwa filla bila kugonga bati ni udanganyifu, hata kama umezoeleka kiasi gani, maana filla nene hupasuka kwa mitikisiko ya barabara na kufungulia maji njia ya kurudi kwenye chuma.

Usalama wa majirani hauna budi kutajwa hapa kwa uzito, kwa kuwa vitabu vingi vya ufufuaji huandikwa kwa ajili ya watu wenye gereji iliyojitenga. Rangi za zamani za magari zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vitambaa vya breki za wakati huo vilitengenezwa mara nyingi kwa asbesto, nyuzi za mawe ambazo zikivutwa na pumzi huleta saratani ya mapafu. Risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na Wakenya wameliona hilo katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu kiliwadhuru wakazi. Katika ploti ambamo watoto hucheza hatua chache kutoka kwenye gari, rangi kuukuu isuguliwe kwa msasa wa maji ili vumbi lisiruke, uchafu wake ukusanywe badala ya kufagiliwa mtaroni, na ngoma za breki zisipulizwe kwa hewa kamwe. Upakaji wa rangi ya mwisho, hasa ile inayochanganywa na kigandishi, una mvuke unaodhuru mapafu na haufai kufanywa uani hata kidogo. Bodi ibebwe hadi kwa mpakaji mwenye chumba na kinyago cha kuvutia hewa safi.

Injini ya 240Z ina silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja na ukubwa wa sentimita za ujazo 2,393. Kuta za silinda zikiwa zimelika, hupelekwa kwa mkerezaji mwenye mashine ya kupanua matundu ili pistoni kubwa kidogo zifungwe, kazi ambayo karakana kadhaa za Nairobi huifanya kila siku kwa ajili ya malori na matatu. Suala linalosahaulika ni mafuta. Magari haya yalitengenezwa wakati petroli ilikuwa ikitiwa risasi, na risasi hiyo ilikinga viti vya vali, yaani pete ambazo vali hukalia zinapofunga. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Kichwa cha injini ya 240Z ni cha aluminiamu na viti vyake vya vali vimepachikwa, lakini Escort za kawaida zina kichwa cha chuma ambamo viti vilichongwa katika chuma hicho hicho, na zikikimbizwa kwa petroli ya leo vali huzama polepole. Kichwa kikiwa kimefunguliwa tayari, ni busara viti vigumu vipachikwe papo hapo.

Kuhusu waya inatosha kusema kwamba waya kuukuu wenye ganda lililokauka uondolewe wote, maana moto mwingi wa magari ya zamani huanzia humo. Spea hutafutwa kwanza katika Barabara ya Kirinyaga, ambayo wenyeji bado huiita Grogan, na mnunuzi adai risiti ili asije akachochea wizi wa vipuri unaowasumbua wakazi wa jiji. Bushi za mihimili ya magurudumu zinaweza kukatwa kutoka kwenye tairi na mafundi wa hapa. Hata hivyo, raba ya tairi huwa na ugumu tofauti na ile ya asili na hubadilisha namna gari linavyoshika kona, kwa hiyo ni afadhali zinunuliwe.

Hatua ya mwisho ni kurekebisha kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya mchanganyiko kuingia katika injini. 240Z ina kabureta mbili, na ndani ya kila moja kuna sindano iliyochongoka inayopanda na kushuka katika tundu la petroli kadiri injini inavyovuta hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya tano, kwa hiyo gari lililorekebishwa kwa vipimo vya kitabu hupata petroli nyingi kupita kiasi kwa hewa iliyopo, likatoa moshi mweusi na kuchafua plagi. Fundi hukaza nati iliyo chini ya kabureta kidogo kidogo, huliendesha gari kwa kilomita kadhaa, huzima injini ghafla na kufungua plagi zote sita. Rangi ya kahawia hafifu huonyesha kwamba mchanganyiko umekaa sawa, nyeusi yenye masizi kwamba petroli imezidi, na nyeupe kwamba imepungua na vali zimo hatarini kuungua. Mafundi wanaosoma plagi kwa jicho wamebaki wachache tangu magari yaanze kudhibitiwa kwa kompyuta, na wengi wao ni wazee, kwa hiyo mwenye gari atafanya vyema kumlipa kijana mmoja wa mtaani asimame karibu wakati kazi hiyo ikifanyika. Gari likishapita hapo linaweza kwenda hata kwenye Concours d'Elegance, maonyesho ya ushindani ya magari na pikipiki ambayo hufanyika katika uwanja wa Ngong Racecourse, umbali mfupi kutoka Kawangware. Ila mwenye gari akikusudia kuteremka nalo Mombasa, nati zile zile zilegezwe tena kabla ya kufika pwani, kwa kuwa hewa huzidi kuwa nzito njiani na mchanganyiko uliofaa Nairobi huwa haba wa petroli.