Kiti cha mtoto garini: Je, kinafaa barabara za kwetu?

HEBU msomaji, kumbuka mara ya mwisho uliposafiri na mtoto mchanga garini. Yamkini ulimpakata mapajani, ukamfunika kwa leso, na dereva alipokanyaga breki ghafla ukamkumbatia kwa nguvu zaidi. Kisha mkafika salama, mkamshukuru Mungu, na jambo hilo likasahaulika.

Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mnaishi mjini na mna gari, au mna ndugu mwenye gari. Kila Desemba barabara ya kutoka Nairobi kupitia Nakuru hujaa familia zinazorudi magharibi, na ndani ya magari hayo wamo watoto ambao hawajatimiza hata miezi sita. Baadhi ya wazazi wamenunua viti maalumu vya kumfungia mtoto. Wengine wamevitazama dukani, wakauliza bei, wakaguna na kwenda zao. Je, viti hivyo vinaokoa maisha kweli, au ni mapambo ya watu wenye pesa? Na je, mtu asiye fundi anaweza kukifunga kimoja kwenye gari la kawaida?

Niliamua kukijaribu kimoja, si katika mtaa wenye lami laini na magari mapya, bali nyumbani kwetu Shinyalu, katika kaunti ya Kakamega, ambako gari la kukodi ni Probox na mtoto akifikisha wiki sita ni lazima apelekwe kliniki kudungwa sindano.

Kiti chenyewe kililetwa na senje, yaani dada ya baba. Binti yake anaishi Marekani, na mtoto wake alipokua kiti kikabaki bila kazi. Senje alikisafirisha hadi Nairobi, kisha akakibeba hadi Shinyalu kumzawadi mtoto wa kaka yangu, msichana wa wiki sita aliyekuwa na uzito wa kilo nne na nusu. Kina umbo la karai refu lenye mkono wa kubebea kama wa kikapu, na ndani yake mna mikanda mitano inayokutana katikati ya mapaja. Kitako chake, ambacho hubaki garini siku zote, kiliachwa huko Marekani kwa sababu mzigo wa ndege ulizidi kilo.

Mama yangu alikizunguka mara mbili, akakigusa kwa ncha ya kidole.

"Mtoto si mbuzi wa kufungwa kamba," akasema. "Nimelea sita mikononi, na nyote mko hapa."

Sikumjibu siku hiyo, maana alikuwa na haki ya kusema. Lakini hesabu yenyewe ni hii, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuihakiki. Gari likienda kilomita 50 kwa saa kisha ligonge kitu na kusimama ndani ya nusu mita hivi, kila kilichomo husukumwa mbele kwa nguvu inayofikia mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo nne na nusu huwa kama kilo 90. Hilo ni gunia zima la mahindi! Nionyeshe mama au baba anayeweza kulidaka gunia la mahindi linalorushwa kutoka mikononi mwake, tena ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mapenzi ya mzazi hayapungui, ila misuli haitoshi.

Kuna wanaofikiri dawa ni kujifunga mkanda mmoja pamoja na mtoto. La hasha! Mkanda ukikaza, mwili wa mzazi humkandamiza mtoto kwenye mkanda huo, na madhara yake huwa mabaya zaidi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kusoma maandishi yaliyo kwenye kiti. Usicheke, msomaji, kwani humu ndimo wengi tunamokosea. Kiti cha Marekani huwa na kibandiko kinachosema kimetimiza kanuni za usalama wa magari za serikali ya huko. Kiti cha Ulaya huwa na kibandiko cha rangi ya chungwa au cheupe chenye herufi kubwa E ndani ya duara, na nambari ya nchi iliyokipasisha: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 11 ni Uingereza. Ukikuta kanuni R44, hiyo ni ile ya zamani ya Umoja wa Mataifa, inayopanga watoto kwa uzito. R129 ni mpya zaidi, ilianza mwaka wa 2013, hupanga watoto kwa urefu na inataka mtoto atazame nyuma ya gari hadi apite miezi 15. Kiti kisicho na kibandiko chochote, hata kiwe na maua na vidoli vinavyoning'inia, mimi singeweka mtoto ndani yake.

Chetu kilikuwa cha ratili nne hadi 30, yaani takriban kilo 1.8 hadi 13.6. Chini yake palichapishwa tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa kutumiwa. Naam, kiti huisha muda wake! Plastiki huchoka kwa jua na joto la gari lililofungwa, kama beseni la kufulia linavyopasuka baada ya miaka. Chetu kilikuwa kimebakiza mwaka mmoja na miezi kadhaa.

Kisha nikamtaka senje ampigie binti yake simu kumuuliza swali moja: je, kiti hiki kimewahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali? Kiti kilichopitia ajali kubwa hakifai tena, hata kama hakuna ufa unaoonekana. Binti akaapa kwamba hakijawahi. Hapa ndipo ninapohofia viti vya mitumba. Koti la mtumba ukikosea utapata baridi tu, lakini muuzaji wa kiti cha mtumba hawezi kukwambia kilitoka kwenye gari la nani na gari hilo liliishia wapi.

Tulipofika kwenye Probox, mambo yakawa mazito. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza na Kihispania. Dereva, kijana mpole anayefanya kazi kati ya Shinyalu na Khayega, alitaka tukigeuze kiti kitazame mbele.

"Sasa dada, mtoto ataona nini akitazama nyuma? Ataona kiti tu."

Swali lake ni la watu wengi. Mtoto mchanga ana kichwa kikubwa, karibu robo ya urefu wa mwili wake, na shingo ambayo mifupa yake bado ni laini. Akitazama mbele, gari likigonga, mikanda huzuia mwili lakini kichwa huendelea kwenda, na shingo ndiyo hubeba mzigo wote. Akitazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa huegemea ganda la kiti kwa pamoja. Wazo hili lilitoka Sweden, ambako Bertil Aldman alitengeneza kiti cha kwanza cha namna hiyo mwaka wa 1964 baada ya kuona jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali chomboni ili mgongo ubebe nguvu ya kuruka. Jimbo la kwanza la Marekani kulazimisha viti vya watoto kwa sheria lilikuwa Tennessee, mwaka wa 1978. Shirika la Afya Duniani husema viti hivi vinaweza kupunguza vifo vya watoto wadogo garini kwa asilimia 60 au zaidi. Dereva akakubali, ingawa nadhani kilichomshawishi ni wale wanaanga.

Tulianza na kiti cha nyuma upande wa kushoto, ambako ukifungua mlango hukanyagi barabarani. Nilipitisha mkanda juu ya kiti kama picha ilivyoonyesha, nikauvuta, nikaufunga. Nilipokitikisa, kikayumba kama mtumbwi. Mkanda huo hukaza tu gari linaposhtuka, na kwingineko huachia. Mengi ya magari tunayoendesha yaliundwa kwa soko la Japan, kiti kiliundwa kwa gari la Marekani, na sisi tuko Shinyalu. Hilo ndilo tatizo ambalo muuzaji hakwambii. Kabla ya kulipa, omba ukijaribu ndani ya gari lako. Akikataa, nenda duka jingine.

Tukahamia katikati. Hapo palikuwa na mkanda wa kiunoni tu, ambao ukivutwa haurudi nyuma. Kitabu kiliruhusu. Nikaweka goti juu ya kiti, dereva akavuta, na safari hii kikatulia. Kipimo ni kwamba, ukikishika pale mkanda unapopita na kukitikisa, kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu.

Bado kulikuwa na mstari ubavuni ambao ni lazima ulingane na ardhi, ili mtoto alale kwa mshazari wa kutosha na kidevu kisimwangukie kifuani na kuziba pumzi. Mwenye kuujua mji wetu atatabasamu, kwani boma letu limo mteremkoni. Ilibidi tulipeleke gari mahali tambarare ndipo tupime. Mtoto alikuwa amekaa wima mno. Taulo moja iliyokunjwa, ikasukumwa pale mgongo wa kiti cha gari unapokutana na makalio yake, ikamaliza kazi.

Mara ya kwanza tulitumia dakika 40. Mara ya tatu, dakika sita.

Angalizo moja ambalo halina mjadala: kiti cha kutazama nyuma kisiwekwe mbele kando ya dereva iwapo upande huo una mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko huo hufumuka kwa nguvu ya kumuua mtoto.

Asubuhi iliyofuata, Jumamosi, mama mtoto alimleta akiwa amezongwa blanketi mbili. Tukazitoa. Nguo nene chini ya mikanda hudanganya: ajali ikitokea hubonyea, na mikanda hubaki legevu. Mfunge kwanza, kisha umfunike juu. Mikanda ya mabegani itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo, na ukijaribu kuubana kwa vidole mkunjo wa mkanda penye bega, usipate cha kushika. Mama yangu alitazama jambo hilo huku amefumba mdomo. Mtoto alilia hadi tulipofika barabarani, kisha akalala.

Hatujafika Khayega, tukasikia isukuti. Fahali wawili walikuwa wakipelekwa uwanjani, vijana mbele na nyuma wakiimba, filimbi zikilia. Mmoja wa fahali akaona vyema kuvuka barabara. Dereva akakanyaga breki, mkoba wangu ukaruka hadi chini ya dashibodi, na senje akagonga paji la uso kwenye kiti cha mbele kwa kuwa hakuwa amejifunga. Kiti cha mtoto kiliinama kidogo, kikarudi mahali pake. Mtoto hakuamka.

"Nifungieni na mimi," senje akasema.

Sasa hukumu yangu. Kwa usalama, kiti hiki nakipa alama za juu, mradi kimefungwa sawasawa. Kwa urahisi wa kutumia nakipa alama za chini. Bila kitako ni lazima ukifunge upya kila safari, na mtoto akiwa ndani ni mzigo wa kumvunja mama mgongo. Kwa mwenye gari lake ningesema nunua chenye kitako, na kabla ya hapo tazama kama gari lako lina vishikizo vya chuma vya ISOFIX kati ya mgongo na makalio ya kiti cha nyuma. Vikiwepo, kazi ya dakika sita huwa ya sekunde chache.

Kwa anayepanda matatu, sina habari njema. Kanuni za Waziri John Michuki za mwaka wa 2004 zilimletea kila abiria mkanda wake, lakini mtoto wa mikononi aliendelea kupakatwa. Ukija na kiti, utingo atakutoza nauli ya mtu mzima, nami ningemlipa ikiwa pesa zipo na mkanda unakaza. Kwenye bodaboda hakuna kiti cha kufungwa kitakachosaidia. Ukiweza kungoja gari, ngoja.

Na mnaosafiri kutoka Nairobi, msimwache mtoto humo safari nzima. Waingereza hushauri asizidi saa mbili mfululizo, na aliyezaliwa majuzi nusu saa tu. Simameni, mtoeni, anyooke.

Tuliporudi kutoka kliniki, mama alitaka kiti kibaki sebuleni ili mtoto awe akilala humo mchana. Nikamweleza kwamba si kitanda, kwani kikiwa sakafuni mtoto hupindisha shingo na anaweza kukosa pumzi bila sauti. Akanisikiliza. Kisha akakiweka juu ya kabati na kukitandazia kitambaa chake cha kufuma, kuku wasije wakakitagia.