Nembo ya Mtu Katika Kazi ya Msanii

Msanii wa Mji Mkongwe anayechora nembo ya soda au ya gari katika fulana ya kumuuzia mgeni huiona kuwa ni pambo tu, kama ua au jahazi. Sheria haiioni hivyo, na asiyelijua hilo aweza kupoteza mtaji wake kwa siku moja.

Yafaa ieleweke kwamba nembo yaweza kubeba haki mbili. Kwanza, ni mchoro, na mchoro una hakimiliki. Pili, ni alama ya biashara, yaani ushahidi kwa mnunuzi kwamba bidhaa imetoka kwa fulani wala si kwa mwingine. Mama zetu walilijua jambo hili zamani: maneno "Mali ya Abdulla" katika kanga yaliwaonyesha kuwa ni kanga ya nyumba ya Kaderdina ya Mombasa. Mwingine akiyatia maneno hayo katika kanga yake, humdanganya mnunuzi hata kama maua ni ya kwake.

Je, msanii amefungwa mikono? La hasha. Mwaka 1962 Andy Warhol wa Marekani alionyesha picha 32 za makopo ya supu ya Campbell's, na kampuni haikumshtaki. Lakini hiyo ilikuwa hisani ya mwenye mali, si kanuni. Nadia Plesner wa Denmark alimchora mtoto mwenye njaa akiwa na mkoba mfano wa ule wa Louis Vuitton. Januari 2011 mahakama ya The Hague ilimpiga marufuku, kwa faini ya euro 5,000 kila siku. Mei mwaka huo huo amri hiyo ikaondolewa, kwa kuwa uhuru wake wa kusema kwa njia ya sanaa ulionekana kuwa na uzito zaidi.

Kinyume chake, mwaka 2023 huko New York, Mason Rothschild, aliyeuza picha za kompyuta za mikoba kwa jina la "MetaBirkins", aliamriwa kuilipa Hermès dola 133,000. Mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka kwamba anayeifanya alama ya mwenzake kuwa alama ya bidhaa zake mwenyewe hapati kinga maalumu kwa kudai kwamba anafanya sanaa au mzaha.

Hukumu hizo za ng'ambo hazizifungi mahakama zetu, lakini zina funzo. Kusema neno juu ya kampuni ni jambo moja. Kuuza fulana kwa nguvu ya jina lake ni jambo jingine.

Hapa Zanzibar alama za biashara zinalindwa na Sheria Namba 4 ya mwaka 2008, na daftari lake ni mbali na lile la Bara. Kwa hiyo anayeuza Unguja na Dar es Salaam hana budi kuuliza pande zote mbili, na kuomba idhini kwa maandishi.

Kwa upande wao, maofisa wanaohusika wasingoje siku ya kukamata mali. Wawafuate wasanii barazani, wawaelimishe kwa Kiswahili chepesi. Na wasanii nao wakumbuke kwamba alama yenye thamani kubwa kuliko zote ni ile watakayoibuni na kuisajili wenyewe. Tahadhari kabla ya hatari.