Laini Imepasuka, Majina Yako Wapi?

Laini ya simu ikipasuka, mwenyewe hulitazama lile bati la rangi ya dhahabu akidhani mambo yake yote yamo humo. Hayamo. Bati ni njia tu ya kupitisha umeme na data. Kumbukumbu imo kwenye chipu, kipande kidogo cha silikoni kilichobandikwa nyuma ya bati, kikafunikwa kwa gundi ngumu na kuunganishwa nalo kwa nyaya nyembamba kuliko unywele. Plastiki inayobaki ni ganda. Laini za kwanza, zilizotengenezwa na Giesecke & Devrient ya Munich mwaka 1991, zilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki; nano ya leo ina milimita 12.3 kwa 8.8. Ndiyo maana mafundi simu waliweza kuzikata kwa mkasi na zikaendelea kushika mtandao.

Fundi makini huanza kwa kutazama ufa umepita wapi. Kama tatizo ni uchafu au kutu tu, kitambaa laini chenye spiriti hutosha. Msasa hapana: ule mng'ao wa dhahabu ni utando mwembamba mno.

Bati likiwa limechanika, bado pana tumaini. Chipu huhitaji njia tano tu ili isomeke: umeme, ardhi, mapigo ya muda, amri ya kuanza upya na data. Mtaalamu mwenye darubini anaweza kuzifikia kwa sindano. Nyaya zikikatika, kazi huhamia maabara, ambako gundi huyeyushwa kwa asidi kali na nyaya mpya kuunganishwa. Ni kazi ghali, na kwa kawaida hufanywa kwa ajili ya upelelezi wa jinai.

Hata moto haufuti haraka. Mwaka 2008 watafiti Jones na Kenyon walieleza kwamba data inaweza kubaki kwenye laini iliyopashwa joto hadi nyuzi 450 za Selsiasi, ingawa mara nyingi chipu huwa imeharibika kiasi cha kutosomeka kwa njia za kawaida. Data yenyewe ni chaji ndogo za umeme zilizofungiwa ndani ya silikoni.

Na kinachookolewa ni nini hasa? Majina na namba, kwa kawaida yapatayo 250, meseji chache, na namba ya utambulisho inayoanza na 640 kwa Tanzania au 639 kwa Kenya. Namba ya siri ikikosewa mara tatu laini hujifunga. PUK, namba ya kuifungulia, ikikosewa mara kumi, laini imekufa. Ufunguo wa siri unaoitambulisha laini kwa mtandao haukuundwa utoke kabisa. Mwaka 1998 watafiti wa Berkeley waliupata kwenye kadi za zamani kwa kutumia udhaifu wa hesabu zake, na kampuni zikabadilisha hesabu hizo.

Picha na WhatsApp havimo kwenye laini. Salio la M-Pesa liko kwenye kompyuta za kampuni, na namba ile ile hurudishwa kwa laini mpya baada ya mwenyewe kuthibitishwa. Laini mpya huja bila majina. Basi mwenye simu ya kitochi inayohifadhi majina kwenye laini ayanakili leo, na asimlipe yeyote anayemwahidi kumtolea picha humo.