Bonasi Imeingia, Unataka PS au Meza ya Pool ya Mtumba? Soma Hii Kabla ya Kutuma Pesa

Kama nyumbani kwenu mnauza majani chai kwa kiwanda kilicho chini ya KTDA, iwe Litein, Kapkatet, Momul au Mogogosiek, unajua Oktoba inavyokuwa. Mwaka wa hesabu wa viwanda huisha Juni 30, halafu bonasi hufuata miezi michache baadaye. Pesa ya kila mwezi ni ya unga, sukari na mbolea. Bonasi ndiyo ya mipango. Kuna anayepiga mabati, kuna anayenunua ng'ombe wa maziwa. Na siku hizi kuna kijana anayekuja jioni na wazo lake: "Baba, tununue PS tuweke pale senta. Vijana watakuwa wanacheza, sisi tunapata pesa."

Si wazo baya. Mechi moja ya mpira kwa shilingi chache, au meza ya pool inayokula sarafu ya 20, inaweza kulisha mtu. Shida ni kwamba vifaa hivi vingi hununuliwa vikiwa vimetumika, havina bei iliyoandikwa popote, na pesa inayovinunua ndiyo hiyo hiyo inayongojewa na karo ya Januari. Ukinunua vibaya, hasara haiko kwenye PS peke yake.

Kwa hivyo leo tunaongea kuhusu kitu kimoja: jinsi ya kujua bei ya haki kabla hujabonyeza "tuma".

1. Jua ni mashine gani unayoongelea

"PS" si kitu kimoja. PS3 ilitoka 2006, PS4 ikatoka 2013, PS5 ikaja 2020. Muuzaji akikuambia tu "niko na PS safi," hujaambiwa kitu bado.

Tofauti hii ni ya pesa. FIFA 19, iliyotoka 2018, ndiyo FIFA ya mwisho kutengenezewa PS3. Wachezaji wa timu kwenye PS3 wamebaki pale pale. Kijana wa senta anayefuatilia Ligi Kuu ya Uingereza kila wikendi atacheza mara mbili, kisha aende kwa jirani mwenye PS4. Kwa upande mwingine, EA Sports FC 25 ya 2024 bado ilitolewa kwa PS4. Kwa hivyo PS3 ya bei ya kutupa inaweza kuwa sawa kwa watoto wa nyumbani, lakini kwa biashara ikawa ghali kwa sababu haina wateja.

Meza ya pool nayo iko hivyo. Kuna yenye jiwe chini ya kitambaa na kuna yenye mbao. Ya jiwe ni nzito sana, na kuisafirisha kunahitaji gari na watu wa nguvu, lakini haipindiki haraka. Ya mbao ikikaa kwenye banda linalovuja, na mvua za Kericho tunazijua, itavimba na mipira itaanza kujiendea yenyewe.

Na kama wewe si mtu wa biashara ila ni mpenzi wa mashine za zamani, zile kubwa za kusimama unazoziona kwenye maduka makubwa ya Nairobi, kuna swali la kwanza la kuuliza: ilitengenezewa umeme gani? Ya Japani hutumia volti 100, ya Marekani 120. Yetu ni 240. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Kama inahitaji transfoma, bei ya transfoma ni sehemu ya bei ya mashine.

2. Tafuta bei ya katikati, usitafute bei ya chini

Wengi wetu tukiona tangazo la bei ya chini kuliko yote tunakimbia nalo. Fanya tofauti:

- Tafuta matangazo kumi ya kifaa cha aina ile ile, hali ile ile. Angalia Jiji, Facebook, na uwapigie watu wa maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi. Uliza pia fundi wa simu na TV pale mjini kwenu, Kericho, Litein, Sotik au Bomet.
- Andika bei zote kwenye karatasi. Futa mbili za juu kabisa na mbili za chini kabisa.
- Zilizobaki sita ndizo sokoni. Katikati yake ndiyo bei yako ya kuanzia.

Kumbuka bei ya tangazo ni bei ya kuombwa, si bei ya kuuziana. Karibu kila mtu hupunguza.

Sasa ongeza gharama ambazo hazionekani. Tuseme jirani wa Kapsoit anauza PS4 kwa Sh25,000, na Nairobi kuna ya aina hiyo hiyo kwa Sh22,000. Nairobi inaonekana nafuu. Lakini weka nauli ya kwenda na kurudi, tuseme Sh2,600. Sasa ni Sh24,600, hujala chakula, na siku nzima hujachuma majani. Tena yule wa Kapsoit unajua kwao. PS ikizima wiki ijayo, unajua mlango wa kubisha.

Halafu toa gharama ya kurekebisha. Padi moja imelegea na fundi anasema nyingine ni Sh2,500? Hiyo inatoka kwenye bei, na muuzaji mwelewa hatakasirika ukimwambia hivyo kwa heshima.

3. Piga hesabu ya karo kabla ya hesabu ya faida

Tuseme PS, TV iliyotumika na viti vimekugharimu Sh38,000. Mechi ni Sh20, na kwa siku unapata mechi 30. Hiyo ni Sh600. Toa kodi ya kibanda, tokeni za stima na pesa ya kijana anayekaa pale, ubaki tuseme na Sh300.

Sh38,000 ugawe kwa 300 ni siku 127. Ukifungua katikati ya Oktoba, shule zikifunguliwa mapema Januari ni kama siku 80 zimepita. Hata usipofunga siku moja, umerudisha Sh24,000. Zile 14,000 bado ziko ndani ya mashine, na mwalimu hapokei padi.

Ndiyo maana tunawaambia wateja wetu: bonasi ikiingia, tenga karo kwanza, siku hiyo hiyo, mahali ambapo hutaigusa. Kinachobaki ndicho cha kununulia mashine. Kama hakitoshi, subiri au anza na kidogo. Mkopo wa simu wa mwezi mmoja haufai kununua kitu kitakachojilipa kwa miezi minne.

4. Kagua ukiwa hapo, mkono kwa mkono

Kwa PS:

- Nenda na diski yako na waya wako wa HDMI. Usikubali kuonyeshwa video ya kwamba inafanya kazi.
- Iwashe na ucheze gemu nzito kwa nusu saa. Feni ikinguruma kama pikipiki inayopanda Kapkatet, au ikizima yenyewe, ina joto.
- Mulika tundu la HDMI kwa tochi ya simu. Tikisa waya kidogo. Picha ikikatika, tundu limeharibika.
- Ingiza diski na kuitoa mara tano.
- Weka padi mezani bila kuishika. Mchezaji akitembea peke yake, padi imelegea.
- Iunganishe na intaneti ya simu yako na uingie kwenye akaunti. Kuna mashine zilizofungiwa na kampuni, na hilo halionekani kwa macho.
- Mwenyewe aondoe akaunti yake na kufuta kila kitu ukiona.

Kwa meza ya pool: sukuma mpira polepole kutoka pande zote nne. Ukipinda mahali pamoja kila mara, meza au sakafu imelala. Mjaribu sakafu kwanza kabla ya kumlaumu muuzaji. Bonyeza raba za pembeni, hesabu mipira, na utie sarafu zako mwenyewe mara kadhaa uone kama mipira inashuka.

Ukishindwa, lipa fundi aje nawe. Pesa ya fundi ni ndogo kuliko majuto.

Tahadhari moja: usichanganye biashara hii na zile mashine ndogo za kamari za sarafu zilizojaa madukani. Serikali imezikamata na kuziteketeza mara nyingi. Ukiuziwa moja kwa bei nzuri, jiulize kwa nini mwenyewe anaikimbia. Na kabla hujafungua kibanda cha PS au pool, pitia ofisi za kaunti uulize kuhusu kibali cha biashara.

5. Lipa kwa mpangilio huu

Ona. Jaribu. Andikiana. Lipa. Beba. Usiruke hatua.

Hadithi tunayoisikia mara nyingi huenda hivi: tangazo zuri, bei tamu, muuzaji mpole. Anasema kuna mteja mwingine njiani, kwa hivyo "tuma kidogo tu nikushikie." Unatuma. Kisha inakuja pesa ya kufunga mzigo, halafu ya gari, halafu simu haishiki. Hakuna aliyekushikia kitu. Mtu usiyemjua, kitu usichokiona, usitume hata Sh500.

Ukilipa:

- Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Kama muuzaji ni Bwana fulani na jina ni la mtu mwingine, simama. "Ni laini ya shemeji" si jibu la kutosha.
- Kama ni duka, lipa kwa nambari ya biashara ya duka lenyewe.
- Ngojeni nyote wawili ujumbe wa uthibitisho, na usiufute. Ule msimbo wa muamala ndio risiti yako.
- Nambari yako ya siri haimhusu muuzaji, fundi, wala mtu anayesema anapiga kutoka kwetu.

Andikianeni hata kwenye karatasi ya daftari: "Mimi (jina na nambari ya kitambulisho) nimemuuzia (jina na kitambulisho) PS4 yenye nambari ya mashine (iliyo kwenye kibandiko), padi mbili, kwa Sh____, tarehe____. Ni mali yangu halali." Sahihi mbili na shahidi. Anayeogopa kuandika nambari ya mashine anakuambia kitu. Kushika mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu, na ukikutwa nayo, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea.

Na kama umeshatapeliwa?

Piga huduma kwa wateja mara moja, si kesho. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu sana. Usifute jumbe wala picha za tangazo. Nenda kituo cha polisi, uandikishe, upewe nambari ya OB. Usione aibu. Aibu ndiyo inayompa tapeli mteja wa pili.

Mashine nzuri ipo, na bei ya haki ipo. Majani yalichumwa moja moja kwa mwaka mzima. Wiki mbili za kuuliza bei si nyingi. Kama kuna mtu nyumbani ameanza kuongea kuhusu PS, mtumie makala hii leo, kabla hajapigiwa simu na yule mpole wa "tuma kidogo nikushikie."