Ukibonyeza "Nakubali", Umejifunga kwa Lipi?

Ni saa nne usiku na una dharura. Unapakua programu ya mikopo, ukurasa mrefu wa masharti unatokea, unashuka mbio hadi chini na kubonyeza "Nakubali". Pesa zinaingia. Mwezi unaofuata umechelewa kulipa siku mbili tu, na mama mkwe anakupigia: ametumiwa meseji kuhusu deni lako. Ukilalamika unajibiwa, "Si ulikubali mwenyewe?"

Je, hilo jibu lina nguvu kisheria? Kwa ufupi: kubonyeza kunakufunga, lakini si kwa kila kitu kilichoandikwa pale.

Kutosoma si kinga

Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya inatambua mikataba inayofanywa kwa njia ya elektroniki. Kwa hivyo huwezi kukwepa ada au riba kwa kusema tu "sikusoma".

Huko Marekani, mtu mmoja alinunua SelectPhone, programu yenye orodha ya nambari za simu, kisha akaanza kuziuza nambari hizo kwenye intaneti. Leseni ilikataza biashara hiyo, na ilijitokeza kwenye skrini kila alipoifungua programu. Mwaka wa 1996, mahakama ya rufaa mjini Chicago ilisema leseni inamfunga. Alikuwa na nafasi ya kuisoma na kurudisha programu kama hakuridhika.

Masharti yaliyofichwa ni mambo mengine

Mwaka wa 2002, kampuni ya Netscape ilishindwa katika mahakama ya rufaa ya New York. Watu walikuwa wamepakua programu yake ya bure, SmartDownload. Kitufe cha kupakua kilionekana wazi, lakini habari za leseni zilikuwa chini zaidi, mahali ambapo huoni mpaka ushuke. Mahakama ilisema kupakua tu hakukuwa kukubali masharti hayo.

Hukumu hizo hazifungi mahakama za Kenya, lakini zinatuachia swali zuri la kujiuliza: nilionyeshwa masharti waziwazi, na nilipewa nafasi ya kukataa?

Sheria iko juu ya masharti

Sasa turudi kwa mama mkwe. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka wa 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kutumia majina yaliyo kwenye simu yako kuwatumia watu ujumbe ukichelewa kulipa. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka ridhaa yako iwe ya hiari, ya wazi na kwa jambo mahususi, na unaweza kuiondoa wakati wowote.

Kwa hivyo, hata kama masharti yanasema tofauti, "ulikubali mwenyewe" si kibali cha kukuaibisha. Lakini tusidanganyane: deni bado ni lako, na utalilipa.

Kabla hujabonyeza

- Huna muda wa kusoma yote? Tafuta sehemu za ada, riba, kuchelewa kulipa na kubadilishwa kwa masharti.
- Programu ikiomba kusoma majina kwenye simu yako, jiulize inayatakia nini. Kama ulikubali zamani, unaweza kuifunga ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya simu.
- Angalia kama mkopeshaji yumo katika orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu.
- Piga picha ya skrini ya masharti, na uhifadhi kila meseji. Huo ndio ushahidi wako.
- Ukisumbuliwa, mwandikie mkopeshaji kwanza. Asipokusikiza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Na haya yote yanatuhusu sisi pia. Masharti yetu yasome kwa jicho hilo hilo. Ukikwama mahali, tuulize kabla hujabonyeza.